Chekeche

Afisa alikuja Jumanne kwa pikipiki ya kukodi,
fomu zake ndani ya mfuko wa nailoni, akihofia mvua,
utepe wa kupimia umening'inia kiunoni kama simi.
Ekwaru, kijana mpole. Aliomba kiti,
nikampindulia jerikeni.

"Mama Amuge, machimbo haya hayana daraja."
Nikamwonyesha ngazi tuliyoichonga upande wa mashariki.
Hakucheka. Daraja la kibali, akasema:
mchimbaji wa mkono, mchimbaji mdogo, wa kati, mkubwa,
kila mmoja na ada yake, kila mmoja na dirisha lake kule mjini.

Swali la kwanza: kina cha shimo.
Hapo tukakwama,
maana sisi hatuna shimo.
Mwamba wetu tunauita Moru tu, yaani mwamba,
kana kwamba Teso nzima haina mwingine.
Ulitazama paa za nyumba hizi tangu bibi yangu hajaposwa.
Hatuchimbi kwenda chini. Tunaupunguza.
"Basi nipime nini?"
Pima kisichokuwepo, nikamwambia. Anzia pale mwewe anapozunguka.
Akaunyoosha utepe hewani, ukapinda katikati, ukaanguka.
Akaandika sifuri. Akaifuta.

Swali la pili: wafanyakazi.
Nyundo ni saba. Lakini Apolot huja akimaliza palizi,
na Asekenye huja siku ada ya shule inapodaiwa, yeye na
(nikakohoa, nikaomba maji)
yeye peke yake.

Swali la tatu: baruti.
Hatuna. Tuna tairi kuukuu.
Tunaziwasha jioni mgongoni mwa jiwe, tunalala na moshi wake,
alfajiri tunamwaga maji, na jiwe linasema neno moja: paa!
Akafunua ukurasa, akaurudisha.
Moto haukuwa na kisanduku.
Sikumwambia habari za Okurut, baba wa wanangu,
na asubuhi ile jiwe liliposema maneno mawili.

Alipokuwa akiandika nikarudi kwenye chekeche,
kwa kuwa lori la Atutur linakuja saa nane
na dereva hangoji fomu.
La ukubwa wa ngumi ni la msingi.
La yai la kanga, zege la nguzo.
La punje ya mahindi, sakafu.
Kinachobaki chini ni vumbi; wafyatua tofali hulichukua bure
na bado hulalamika.
Miaka kumi na tisa nayapanga mawe kwa madaraja
na sijawahi kuliuliza hata moja lenyewe linajionaje.

Leo nimo ndani ya waya, natikiswa.
Nikiitwa mdogo, ada itameza lori mbili za kokoto.
Nikiitwa wa mkono, nitapona bei,
ila tajiri wa Mbale mwenye mashine ya kusaga
atafika na karatasi nzito kuliko yangu,
na Moru atakwisha kwa msimu mmoja, ngazi na yote.

"Wewe ungependa lipi?" akaniuliza,
sauti chini, macho kwenye kalamu.
Sikujua kama ananyoosha mkono kunivuta
au kuomba chochote kitu.
Andika unachokiona, nikasema.

Akatazama. Nyundo saba, toroli la gurudumu la mbao,
turubai tatu, wanawake wanne waliokaa juu ya magunia
wakigonga bila kuinua kichwa, kila mmoja na mdundo wake.
Alitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa na serikali.
Kalamu haikushuka.

Kisha akavua kiatu, akakikung'uta.
Ikadondoka punje.
"Hiyo ni ya sakafu," nikamwambia, "haihitaji kibali."
Hapo akacheka, akaiokota, akaitia mfukoni pamoja na fomu,
akapanda pikipiki.

Mvua mbili zimepita.
Sijui hata sasa ni kipi kati ya hivyo viwili
kilichofika ofisini.